Onyo Limfikie Mama Nyumbani: Jinsi Bangladesh Inavyojikinga na Vimbunga

  

Leo tutasafiri mbali kidogo, mpaka bara la Asia, nchi inayoitwa Bangladesh. Huenda unajiuliza, kipindi cha afya ya mama na mtoto kinatafuta nini Bangladesh? Kaa kitako nikueleze. Nchi hiyo ni ndogo, kama robo ya Kenya yetu, lakini ina watu zaidi ya milioni 170. Sehemu kubwa ni tambarare, na mito mitatu mikubwa, Ganges, Brahmaputra na Meghna, hukutana huko na kumwaga maji yake baharini. Mafuriko huja karibu kila mwaka. Mwaka wa 1998, karibu theluthi mbili za nchi zilikuwa chini ya maji. Na juu ya mafuriko hayo, kuna vimbunga vya kutoka baharini. Hivyo vimbunga ndivyo tutakavyozungumzia, kwa sababu wanawake na watoto ndio waliokufa zaidi, na nchi ikalazimika kujiuliza kwa nini.

Kwanza tuelewane, kimbunga ni nini? Bahari ikipata joto jingi, hewa yenye mvuke hupanda juu na upepo huanza kuzunguka mahali pamoja. Upepo huo husukuma maji mbele yake. Sasa, bahari ya huko, Ghuba ya Bengal, ni pana upande wa kusini lakini hubana kadiri unavyokwenda kaskazini. Maji yakifika mahali pembamba hayana pa kutawanyika. Yanapanda tu juu, na kuingia nchi kavu kama ukuta wa mita tano, sita au zaidi, na pwani yenyewe haina kilima cha kukimbilia. Upepo utang'oa mabati na miti, lakini kinachoua watu wengi ni yale maji.

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970, maji ya namna hiyo yalivamia pwani ya nchi hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa bado inaitwa Pakistan ya Mashariki. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000. Ukiona makadirio yametofautiana hivyo, ujue kuwa familia nzima nzima zilipotea. Habari za kimbunga zilikuwepo, wataalamu walikiona kikija. Lakini hazikufika vijijini kwa njia ambayo mtu wa kawaida angeelewa kwamba anatakiwa kuondoka usiku ule ule.

Nchi ilipopata uhuru, moja ya mambo ya mapema yaliyofanywa ni kuanzisha mpango wa kujitayarisha kwa vimbunga. Ulianza mwaka wa 1972 kwa msaada wa vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, na mwaka uliofuata serikali ikakubali kuuendesha kwa pamoja na Hilali Nyekundu ya nchi hiyo. Mpango huo upo mpaka leo, na nguvu yake yote ni watu wa kujitolea. Hawalipwi mshahara. Ni majirani zako tu: mwalimu, mkulima, mvuvi, mama mwenye duka. Hupewa mafunzo, koti la mvua, buti, tochi, redio ya kusikiliza habari, kipaza sauti cha mkononi na king'ora cha kuzungusha kwa mkono.

Idara ya hali ya hewa iliyoko mji mkuu wa Dhaka ikiona kimbunga, hutuma habari kwa makao makuu ya mpango. Kutoka hapo habari huenda kwa simu za upepo mpaka ofisi za wilayani, kisha za chini yake, kisha kwa kikundi cha kijiji. Watu wa kikundi hutoka na kugawana njia. Mmoja anapanda baiskeli, mwingine anatembea kwa miguu, mwingine anakwenda msikitini kutangaza kwa kipaza sauti. Na kwa wale wasiojua kusoma au walioko mbali shambani, kuna bendera nyekundu. Bendera moja ikipandishwa, hatari iko baharini, fuatilia habari. Zikiwa mbili, jitayarishe. Zikiwa tatu, ondoka. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuhesabu bendera tatu. Mimi hupenda sana jambo hili la bendera, kwa sababu halihitaji stima wala betri.

Sasa sikiliza, mama, maana hapa ndipo penye uchungu. Usiku wa tarehe 29 Aprili 1991 kikaja kimbunga kingine kikubwa. Mara hii mpango ulikuwepo na onyo lilitolewa. Watu wengi walilisikia. Hata hivyo watu karibu 140,000 walikufa. Baadaye watafiti waliingia vijijini wakauliza ni nani waliokufa. Katika sehemu walizochunguza, kwa watu wa umri wa miaka 20 hadi 44, wanawake waliokufa walikuwa 71 katika kila 1,000. Wanaume walikuwa 15.

Kwa nini wanawake wengi hivyo? Walikuwa nyumba moja na waume zao, upepo ule ule, maji yale yale.

Sababu zilikuwa nyingi, na ukizisikia utaona hazikuwa za upepo wala maji. Onyo lilitangazwa sokoni na kwenye vibanda vya chai, mahali wanaume hukaa. Mama alikuwa nyumbani na watoto, na habari ilimfikia ikiwa imechelewa, au haikumfikia kabisa. Wengine waliisikia lakini wakamngoja mume arudi atoe ruhusa, kwani si desturi mwanamke kutoka usiku bila ruhusa. Wengine waliogopa vile vituo vya kujikinga vyenyewe. Vilikuwa vichache na vya mbali, na ukifika unakuta chumba kimoja kilichojaa wanaume na wanawake usiowajua, hakuna taa, hakuna choo cha wanawake. Mama aliye katika siku zake atakwenda wapi? Mwenye mimba ya miezi minane atalala wapi? Kisha nguo. Sari ni kitambaa kirefu sana, na kikilowa hujifunga miguuni. Wanawake wengi hawakuwa wamefundishwa kuogelea, ingawa wamezaliwa kando ya maji. Na mikononi mwao walikuwa na watoto. Baba anaweza kushika mti kwa mikono miwili. Mama aliyeshika mtoto mmoja na kumfunga mwingine mgongoni, atashika mti kwa mkono upi?

Kulikuwa pia na jambo la mifugo. Ng'ombe wa familia ndiye akiba, ndiye maziwa, ndiye karo ya shule. Watu walibaki nyumbani kuwalinda. Nani kati yetu hapa angemwacha ng'ombe wake kwa urahisi?

Majibu hayo yaliibadilisha kazi yenyewe. Vituo vingi vipya vikajengwa, na wakaamua visikae vikiwa vitupu mwaka mzima vikingoja kimbunga. Vingi ni shule za msingi. Jengo limesimama juu ya nguzo nene, chini kukiwa wazi ili maji yapite bila kuliangusha, na madarasa yako juu. Watoto wanasoma hapo kila siku, kwa hivyo mama anaijua njia, anaujua mlango, na kwake si mahali pageni. Vituo vya siku hizi huwa na chumba cha wanawake peke yao, vyoo, na kwingine mteremko wa kupandishia wazee na walemavu. Kwa mifugo walirundika udongo ukawa vilima, wanaviita killa. Ng'ombe akiwa na mahali pake, mwenye ng'ombe naye hukubali kuondoka.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa la watu. Kikundi cha kijiji zamani kilikuwa cha wanaume, kisha wakaongezwa wanawake wachache. Leo kikundi kina watu 20, wanaume 10 na wanawake 10, na nchi nzima wanaojitolea ni zaidi ya 70,000. Mwanamke wa kikundi huingia mpaka jikoni. Anakaa na mama mkwe na mke wa mwana, anawaeleza bendera ni ngapi, anawauliza mwenye mimba ni nani na mgonjwa wa kubebwa ni nani. Mwanamume mgeni angesimamia uani. Kabla ya misimu ya vimbunga, yaani Aprili na Mei, kisha Oktoba na Novemba, hufanya mazoezi na michezo ya kuigiza uwanjani ili waume nao waambiwe mbele ya watu: mke wako asikungoje.

Juu ya vikundi hivyo kuna mpangilio wa serikali. Mwaka wa 2012 bunge la Bangladesh lilipitisha sheria ya kukabiliana na maafa. Kuna wizara ya kazi hiyo, kuna baraza la taifa linaloongozwa na mkuu wa serikali, na kuna kamati kila ngazi mpaka chini kabisa kwenye tarafa za vijiji. Kuna pia kitabu cha maagizo ya kudumu, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1997 na kufanyiwa marekebisho baadaye, kinachoeleza kila ofisi itafanya nini onyo likitoka: nani anafungua shule, nani anatayarisha dawa, nani anatafuta maboti. Mambo ya kamati huwa yanachosha kusikiliza, najua. Lakini fikiria mkesha wa kimbunga na funguo za shule hazijulikani ziko kwa nani.

Je, imesaidia? Tarehe 15 Novemba 2007 kikaja kimbunga Sidr, chenye nguvu ya kulinganishwa na vile vya zamani. Walikufa watu karibu 3,400. Ni wengi, hakuna mama atakayesema ni wachache. Lakini linganisha na 1991. Na hata hao wengine wangeweza kupona. Miezi michache kabla, watu walikuwa wameonywa juu ya tsunami ambayo haikuja, kwa hivyo baadhi yao waliposikia onyo la Sidr walisema, ndio hao tena. Kisha Mei 2020 kikaja kimbunga Amphan, wakati wa korona. Watu zaidi ya milioni mbili walihamishwa, vituo zaidi ya 12,000 vikafunguliwa ili watu wasibanane, barakoa zikatolewa. Waliokufa Bangladesh hawakufika 40.

Lakini kazi hii haijaponya kila kitu. Kimbunga Aila cha Mei 2009 kiliua watu chini ya 200 huko Bangladesh, ila kilivunja kingo za mito na bahari, na familia nyingi zikaishi juu ya tuta kwenye vibanda vya nailoni kwa zaidi ya mwaka. Maji ya chumvi yaliingia mashambani na kwenye vidimbwi vya kunywa. Madaktari waliochunguza akina mama wajawazito wa pwani hiyo waligundua kwamba wanaokunywa maji yenye chumvi nyingi hupata zaidi shinikizo la damu la mimba. Kumtoa mtu kwenye maji ni kazi ya usiku mmoja. Kumpa maji ya kunywa ni kazi ya miaka.

Na maji machafu ndiyo yanayotuleta kwenye kuendesha. Baada ya kila mafuriko na kila kimbunga, vyoo hufurika, visima huchafuka, na watoto huanza kuhara. Mtoto mdogo anaweza kuokoka kwenye wimbi la maji halafu afe wiki ya pili kwa kuishiwa maji mwilini. Hapa Bangladesh ina historia ya kujivunia. Ni katika maabara ya kipindupindu ya Dhaka, mwaka wa 1968, ndipo madaktari walionyesha kuwa mgonjwa wa kipindupindu anaweza kurudishiwa maji mwilini kwa kunywa tu maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo, badala ya kutegemea dripu peke yake. Kuanzia mwaka wa 1980, shirika la BRAC lilituma wanawake waliofunzwa nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama: chumvi ya kushika kwa vidole vitatu, konzi ya sukari guru, nusu lita ya maji. Wao huiita gur. Hata neno ni lile lile letu! Katika miaka kumi walizifikia nyumba zaidi ya milioni 12. Na mfundishaji alilipwa kulingana na vile mama alivyokumbuka alipotembelewa tena baadaye.

Mwanzoni akina mama walijua kipimo lakini wengi hawakutumia. Shirika likauliza kwa nini. Jibu moja lilikuwa kwamba waume hawakuwa wameambiwa, na mume asipoamini dawa ya nyumbani, mke hawezi kumpa mtoto. Ikabidi wanaume nao waitwe, misikitini na sokoni, waelezwe. Umeona jinsi jambo lile lile linavyorudi?

Tugeukie nyumbani sasa. Vimbunga vya bahari havitufikii kwa urahisi sisi Wakenya, kwa sababu tuko karibu sana na ikweta. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitutia wasiwasi, kikaishia pwani ya Tanzania. Lakini mafuriko tunayajua. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, siku ile ile ya kumbukumbu ya Bangladesh, maji yalizoa nyumba karibu na Mai Mahiu watu wakiwa usingizini, na makumi ya watu wakafa. Na wewe wa Budalang'i, wa Nyando, wa Garsen, au wa kando ya mto Mathare, huhitaji kuelezwa.

Kwa hivyo zungumza na baba watoto leo jioni, kabla mvua haijaja. Mkubaliane kwamba maji yakipanda hutamngoja, utachukua watoto uondoke, na mtakutana mahali fulani mnapopajua. Kama mume hayupo, zungumza na jirani. Muulize chifu au mzee wa kijiji: shule gani itafunguliwa, na funguo ziko kwa nani? Kwenye baraza, uliza pia kama kuna choo cha akina mama hapo. Usione haya. Mhudumu wa afya wa kijijini mwenu aambiwe nyumba zenye wajawazito, wazee na wasioweza kutembea.

Wanawake wa pwani ya Bangladesh huweka vitu mapema: mchele mkavu wa kuliwa bila kupikwa, kiberiti ndani ya nailoni, jiko dogo la udongo la kubebeka. Wewe tafuta mfuko usiopitisha maji. Ndani weka kadi ya kliniki ya mtoto na kitabu chako cha mimba, vitambulisho, tochi, leso mbili, sodo, sabuni, na pakiti za ORS. Mtu anayemeza dawa kila siku, iwe ni za kupunguza makali ya virusi, za kifua kikuu, za sukari au za presha, asiondoke bila dawa zake. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha hata akiwa na hofu. Maziwa hayakauki kwa sababu umehama, na kambini hakuna chakula salama kwa mtoto mchanga kushinda hicho.

Mtoto akianza kuendesha, mpe ORS mara moja, kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe, na umpe tena kila anapohara. Soma kwenye pakiti imeandikwa inataka maji kiasi gani, na utumie maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Usiongeze chumvi kutoka jikoni, chumvi nyingi humdhuru mtoto. Omba pia tembe za zinki kwenye zahanati, na umpe siku zote utakazoambiwa, 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Ukiona macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole, mtoto amelegea au hawezi kunywa, anatapika kila kitu, au choo kina damu, hilo si la kungoja asubuhi. Mbebe umpeleke kituo cha afya, ukiendelea kumnywesha njiani kama anaweza kumeza.

Katika mazungumzo yajayo tutaeleza namna ya kusafisha maji ya kisima kilichoingiwa na mafuriko. Kama kisima chenu kimeingiwa sasa hivi, msingoje kipindi hicho. Mwiteni afisa wa afya ya umma, na wakati huo mchemshe kila tone la kunywa. Kwaherini.